Kuoka Nyumbani Bila Tanuri
Hotuba ya Kamati ya Upishi katika Mkutano wa Mwaka, Ikonge



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya upishi wa nyumbani, na hasa juu ya kuoka mikate na keki, kwa kuwa baada ya chai mtaulizwa kama chama kitoe fedha za mfuko wake kununua jiko kubwa la gesi lenye tanuri. Sisi wa kamati tu watu sita. Hakuna hata mmoja wetu mwenye cheti cha upishi. Tulicho nacho ni kuipenda kazi hii, pamoja na hasara za kutosha.

Yafaa tuanze na hasara. Mwaka uliopita tulikubali kuoka keki mbili kwa harusi ya binti wa mwanachama mwenzetu. Tulikuwa na kitabu kizuri cha mapishi kilichopigwa chapa Uingereza, tukapima kila kitu kama kilivyoamuru, kisha tukaenda kwa jirani mwenye tanuri. Keki ziliumuka upesi na kwa uzuri hata tukaanza kupongezana. Lakini kabla hazijaiva zilididimia katikati, kila moja ikawa kama bakuli la mchuzi. Mmoja wetu alilaumu mayai, mwingine alilaumu magadi, na wa tatu akamlaumu mtoto aliyechungulia tanurini. Usiku ule tulikaanga mandazi, na wageni wakala wakashukuru. Lakini mayai 12 na siagi yote vilikwisha kupotea, na vilinunuliwa kwa shilingi za mfuko ule ule unaowasafirisha wagonjwa wetu na kuwasaidia wafiwa.

Baadaye tuliuliza na kusoma, tukajua kwamba mtoto yule hakuwa na hatia. Kitabu kiliandikwa kwa watu wakaao karibu na usawa wa bahari, nasi twakaa mlimani. Sehemu kubwa ya nchi hii ya Wagusii yapita meta 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi sana chakula kilichomo chunguni. Kwa hiyo ile hewa itokayo katika magadi au hamira hutanuka kupita kiasi, na keki hupanda kabla unga haujakaza. Inapokosa cha kuishikilia, huanguka. Dawa yake ni rahisi. Punguza magadi au hamira ya unga kadiri ya robo ya kiasi kilichoandikwa, punguza sukari kidogo, ongeza maziwa kidogo, na moto uwe mkali zaidi hapo mwanzo ili keki ikaze mapema.

Sababu hiyo hiyo hufanya maharagwe yetu yakawie. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Mahali palipo na mwinuko wa meta 1,800 huchemka kwa digrii 94 hivi. Kuongeza kuni hakuyafanyi maji yaliyokwisha kuchemka yawe ya moto zaidi. Huteketeza kuni tu. Mwenye kuroweka maharagwe usiku kucha na kufunika sufuria vizuri atapata nafuu kuliko mwenye kuchochea.

Mkate wa hamira una tabia nyingine. Hewa nyepesi hutaka kuuharakisha, lakini baridi ya asubuhi huuchelewesha, hata donge lililofunikwa saa kumi na mbili laweza kuwa halijastuka saa mbili. Hapo msiitazame saa. Litazameni donge: likiwa limeongezeka mara mbili, na ukilibonyeza kwa kidole alama inarudi polepole, li tayari.

Sasa tuje kwenye unga. Kuna wanaodhani kwamba kuoka ni kazi ya unga mweupe peke yake. Wazee walioko hapa walilelewa kwa obokima bw'obori, yaani ugali wa wimbi, ulioletwa katika ekee pamoja na chinsaga zilizolazwa katika maziwa ili uchungu upungue. Wimbi una chokaa nyingi ya kujenga mifupa, miligramu 300 na zaidi katika gramu 100 za unga, na unga mweupe wa ngano haukaribii hapo hata kidogo. Ila hauna ule mnato wa ngano uitwao gluteni, ambao hunasa hewa na kuufanya mkate uumuke. Mkate wa wimbi mtupu huwa kama tofali, nasi tumejaribu. Sehemu moja ya wimbi kwa mbili za ngano ndiyo iliyotufaa.

Kipimo chetu ni hiki. Vikombe viwili vya unga wa ngano na kimoja cha wimbi, vichekechwe pamoja na kijiko kidogo kimoja cha magadi ya kupikia, kilichosawazishwa kwa kisu, na chumvi kidogo. Pembeni ponda ndizi tatu zilizoiva hata ganda limeanza kuwa jeusi. Ndizi hizo ndizo watu hutupa sokoni jioni, nazo ni tamu kuliko zote. Tia mayai mawili, nusu kikombe cha sukari, mafuta yasiyofika nusu kikombe, na nusu kikombe cha maziwa lala. Maziwa yawe yamechachuka kweli, maana ukali wake ndio uamshao magadi. Changanya na unga kwa haraka, wala usikoroge sana, kwa sababu kukoroga huufanya mkate uwe mgumu.

Tanuri lenyewe ni sufuria nzito. Tia mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu, funika, na pasha moto kwa dakika 15. (Vijiwe visitoke mtoni: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka.) Kisha weka bati lililopakwa mafuta juu ya vijiwe, funika, na panga makaa juu ya kifuniko. Chini yawe machache, juu yawe mengi, kadiri ya moja kwa mbili. Wenzetu wa pwani huuoka mkate wa kumimina namna hii hii, moto juu na moto chini, na hakuna awaambiaye kwamba hawajui kuoka. Baada ya dakika 50 choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Hapa twaomba usikivu wenu wote. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Okeni nje, au barazani, au jikoni penye mlango na madirisha wazi. Msiingize jiko la makaa ndani ya chumba cha kulala ili kupata joto, hata usiku uwe wa baridi namna gani. Ikiwa hotuba yetu yote itasahauliwa isipokuwa maneno haya, tutaridhika.

Kuhusu kura, kamati haikupatana kwa urahisi. Wawili wetu walitaka jiko la gesi linunuliwe sasa, nao wana hoja: moshi hudhuru macho na mapafu, kuni zinazidi kupungua, na vijana wetu wangeweza kuoka mikate ya kuuza. Wanne tuliona kwamba tanuri lisingaliziokoa keki zile za harusi, kwa maana zilianguka ndani ya tanuri zuri. Shauri letu, basi, ni kungoja mwaka mmoja. Katika mwaka huo kamati itafundisha kwa sufuria, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kuandika katika daftari kila kilichouzwa na kila kilichoharibika. Mkutano ujao ulipime jambo hili kwa hesabu hizo. Wale wawili wametuomba tuwaambie kwamba bado hawajakubali.

Mikate minne iko pale nyuma, mezani, karibu na birika. Ule wa mwisho upande wa kulia umeungua chini kwa sababu tulizungumza tukasahau makaa. Tumeuleta vivyo hivyo. Anzeni na mingine.