Mifongo ya Kilimanjaro na Watu Waitunzao



Tumeombwa tuseme habari ya maji katika mkutano huu wa yubilei. Si maji ya ubatizo, maana hayo wamekwisha kuyanena wenye elimu kutupita. Bali ni maji yapitayo kati ya migomba yetu. Wengi hudhani kwamba habari hii ni kazi ya mabwana shamba peke yao. Sisi twaona ni habari ya kila nyumba iliyo na kihamba.

Wako wageni kati yetu waliotoka majimbo mengine, basi yafaa tuwaeleze. Mfongo ni mfereji wa udongo, uchimbwao ubavuni mwa mlima ili kuyatoa maji mtoni juu sana na kuyaleta mgongoni mwa kilima wakaapo watu. Mifongo mingine huenda maili nyingi, ikipita ukingoni mwa magenge. Penye bonde dogo wazee walivusha maji kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Wasafiri wa Kizungu waliofika hapa katika nusu ya pili ya karne ya 19 waliikuta kazi hiyo imekwisha kufanyika, nao wakastaajabu.

Kinywa cha mfongo, yaani mahali maji yaachapo mto, kilijengwa kwa mawe, magogo na majani. Mvua kubwa ikija hubomoka. Asiyejua hucheka na kusema, ni kazi dhaifu. Lakini kinywa cha namna hiyo hutengenezwa upya kwa siku moja bila fedha, tena huvuja, na maji yavujayo ndiyo ya jirani wa chini. Mtu wa juu hakuweza kuumaliza mto hata akitaka.

Nguvu ya mfongo haikuwa katika udongo. Ilikuwa katika mapatano. Ukoo uliochimba ulikuwa na msimamizi wake. Yeye ndiye aliyeita watu kufukua matope, naye aligawa zamu: nyumba hii asubuhi, nyumba ile alasiri. Maji ya usiku yalilazwa katika bwawa dogo yasipotee bure. Asiyekuja kazini alitozwa pombe au mbuzi, na akikaidi alinyimwa zamu. Hayo yote yalikuwa mambo ya wanaume, na kwa habari hiyo tutasema neno baadaye.

Sasa tuangalie yaliyobadilika. Zamani maji yalitakiwa hasa kwa ulezi wa kiangazi na kwa migomba. Kisha ikaja kahawa, ambayo mapadre wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea mlima mzima. Chama chetu kikuu cha ushirika, K.N.C.U., kilianza mwaka 1933. Kahawa ilijenga nyumba za bati na kulipa karo za shule, nayo ilimpa mtu sababu ya kuamka alfajiri kwenda kufukua mfongo. Lakini mapatano ya mataifa yaliyoshikilia bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka. Na vihamba vimegawanywa kati ya wana na wajukuu hata vingine havitoshi kulisha nyumba moja. Basi vijana wamekwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Hatuwalaumu. Elimu tuliyowapa sisi waalimu ndiyo iliyowaonyesha njia.

Matokeo yake twayaona siku ya kazi. Wakiitwa watu, huja wazee wenye magongo na akina mama. Matope hayafukuliwi yote, maji hupungua, na mwenye kihamba cha mwisho huona vumbi. Mwaka ufuatao huyo wa mwisho haji kazini, maana aje kwa faida gani? Ndivyo mfongo ufavyo: huanza kufa mwishoni, ukarudi nyuma hata kinywani.

Wafadhili na serikali wameleta saruji. Mahali penye udongo unywao maji, saruji ni msaada mkubwa, wala hatuipingi. Lakini saruji ikipasuka yataka fedha na fundi. Na kinywa cha saruji chenye mlango wa chuma chaweza kuuziba mto wote, kisha ugomvi hushuka badala ya maji.

Tutazame huko chini, uwandani mwa Moshi. Mwaka 1987 mradi mkubwa wa kumwagilia ulikamilika kwa msaada wa Wajapani, watu wakafundishwa kulima mpunga. Mavuno yalipita tani 6 kwa hekta, ajabu kwa nchi hii. Majirani wa juu, waliokuwa nje ya mradi, waliona faida hiyo, nao wakafungulia maji ya mito ileile wapande mpunga wao. Eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua sana. Wahandisi walipima mifereji sawasawa. Mapatano na watu wa juu ndiyo yaliyokosekana. Twasema hivi bila kuwacheka, maana majirani wale hawakufanya neno ambalo mmoja wetu asingalifanya.

Tena mto haukomi uwandani. Maji yetu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na kuzungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani. Kwa hiyo serikali hutaka vibali vya maji, na sheria ya mwaka 2009 yatambua jumuiya za watumia maji. Wazee wengine wauliza, mbona tulipe kwa mfongo waliouchimba babu zetu? Swali ni la haki. Hata hivyo mfongo usioandikwa hauna wa kuutetea wakati wa ukame, na kwa maoni yetu afadhali kuandikisha sasa kuliko kulia baadaye.

Wengine hutisha watu kwa habari ya barafu ya Kibo. Ni kweli inakwisha. Kati ya 1912 na 2007 zaidi ya robo tatu yake ilitoweka. Lakini maji ya mito yetu hutoka hasa katika mvua ya msitu. Akataye mti huko juu ndiye wa kuogopwa.

Basi, tunaomba mambo mawili katika kila mfongo. Mwenye kihamba akaaye mjini alipe fedha kwa kila siku ya kazi asiyofika, zikatumike kumlipa kijana aliyebaki nyumbani. Wengi hurudi mwezi wa Desemba. Hapo ndipo pa kuwadai, si kwa barua. La pili, akina mama wanaobeba majembe siku hizi wakae barazani na kugawa zamu. Twajua wazee wengine watanung'unika. Waje basi washike jembe.

Nanyi waalimu, majina ya mifongo na mipaka ya zamu yamo vichwani mwa wazee wachache tu. Watumeni watoto wenye daftari, wawaulize mfongo watoka mto gani, wapita kwa nani, na zamu ya nani ni siku gani. Yaandikwe mara mbili: nakala moja ikae shuleni, ya pili kwa msimamizi wa mfongo. Kazi hiyo yaweza kuanza Jumatatu ijayo.