Kijiji Nacho ni Chuo
(Maneno yaliyotolewa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Tumetakiwa kueleza habari za wanafunzi wa udaktari wanaofundishwa vijijini, na wajibu wetu kwao.

Daktari aliyesomea hospitalini peke yake humjua mgonjwa akiwa kitandani. Hakioni kisima anachochota maji, wala mwendo wa miguu uliomchelewesha kufika. Mtoto mwenye kuharisha hutibiwa akapona, kisha hurudi kwenye maji yale yale. Haupiti mwezi ila yu mgonjwa tena. Dawa imetenda kazi yake, lakini chanzo kimebaki nyumbani.

Kwa sababu hiyo mataifa yaliyokutana Alma-Ata mwaka 1978 yalikubaliana kwamba huduma ya afya ya msingi isogezwe karibu na mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari huko Eldoret mwaka 1990, mafunzo ya vijijini yaliwekwa ndani ya masomo yenyewe. Wanafunzi wametumwa kwenye vituo vya afya, kama vile Mosoriot na Turbo, hatua kwa hatua: kwanza waijue jamii, kisha waipime afya ya kijiji kizima, yaani maji, vyoo, chakula cha watoto na chanjo, halafu wachague tatizo moja na kulichunguza, na mwisho washiriki kazi ya wasimamizi wa afya.

Ndugu wanachama, hapo ndipo tunapoingia sisi. Mwanafunzi anapobisha hodi, mwalimu wake ni mwenye nyumba. Mama akificha kwamba mtoto hakuchanjwa, au mzee akisema choo kipo na hakipo, tunamfundisha uongo, na uongo huo ataubeba hata siku atakapoandika dawa.

Lakini mwalimu naye ana haki zake. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aje kwa taarifa ya wazee, na asiingie nyumba bila idhini ya wenyewe. Pili, siri za mgonjwa zisitajwe barazani. Tatu, asiondoke kabla ya kutusomea, kwa lugha tunayoielewa, yale aliyoyaona, ili kama kisima ni kibovu tukijengee, na kama chanjo haifiki tuidai. Hesabu iliyofungiwa kabatini mjini haimponyi mtu kijijini.

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwapokee vijana hawa kwa heshima na kwa kweli; nasi tusiache kudai kupona kwetu.