Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Ulishaji wa Mtoto katika Mwaka Wake wa Kwanza

Mada iliyotolewa na muuguzi mkunga, mwana Songwe, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu



 Najua wengi wetu tumekuja kusikia habari za madarasa, visima na barabara. Mimi nimeombwa nizungumzie mtoto ambaye bado hajaanza hata kutembea. Naomba mnivumilie, kwa sababu mtoto tunayemjengea darasa leo, ubongo wake ulianza kujengwa miaka sita au saba kabla hajaingia humo. Katika miezi kumi na miwili ya kwanza ubongo wa mtoto unakua hadi kufikia karibu mara mbili ya ukubwa aliozaliwa nao. Hakuna mwaka mwingine katika maisha yake ambao utafanya kazi hiyo tena.

Nianze na jambo linalotutia aibu kidogo. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, ni mkoa wa chakula. Mbozi kuna mahindi, maharage, kahawa na maparachichi. Bonde la Kamsamba kule Momba kuna mpunga. Ileje kuna ndizi na mboga za kila namna. Tunduma magari ya nafaka hupanga foleni. Wageni wakija kwetu wanaondoka na magunia. Lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Songwe, watoto takriban 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Wastani wa taifa wakati huo ulikuwa kama 32. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu: sisi tulishuka hadi kama 32, taifa likawa 30. Tumshukuru Mungu na tuwashukuru wahudumu wetu wa afya. Hata hivyo mtoto mmoja katika kila watatu bado ni wengi mno kwa watu wenye maghala yaliyojaa.

Udumavu maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka, kwa sababu ya kulishwa vibaya na kuugua mara kwa mara kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba hauonekani. Mtoto anacheza, anacheka, mashavu yamejaa, na sisi tunasema, "Huyu amefuata ukoo wa babu yake." Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto waliolishwa vizuri katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Matokeo yakatolewa mwaka 2006. Watoto wale, weusi kwa weupe, walikua kwa namna inayofanana sana hadi miaka mitano. Kwa hiyo ukoo tusiusingizie mapema. Tukiona watoto wengi wafupi katika kijiji kimoja, tuangalie kwanza bakuli lao.

Sasa tumfuate mtoto wetu mwezi kwa mwezi.

Mtoto wa kawaida huzaliwa na kilo kama tatu na urefu wa sentimita kama 50. Siku za kwanza hupungua uzito kidogo, na mama asiogope, kwa kuwa ndani ya wiki mbili hivi huurudisha. Akifika miezi mitano uzito wake unakuwa karibu mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Akitimiza mwaka unakuwa karibu mara tatu, na urefu wake ni kama sentimita 75. Fikirieni ninyi watu wazima mngetakiwa kuongezeka mara tatu kwa mwaka mmoja, mngehitaji kula nini!

Mungu alimwandalia chakula hicho. Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya njano ambayo wengine huyaita dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Ni machache, lakini yana kinga nyingi na yanatosha, kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana. Baada ya hapo anyonye usiku na mchana, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, kwa miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa za mitishamba za kuondoa chango. Bibi zetu huuliza, "Atakaaje bila maji na jua hili?" Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama, zaidi ya asilimia 85, ni maji.

Neno ninalolisikia zaidi kliniki ni "maziwa hayatoshi." Mama huyu mara nyingi ana mtoto wa miezi miwili au mitatu anayelia jioni. Jirani anamshauri amkorogee uji mwepesi. Mtoto anashiba maji ya uji, ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Ndipo maziwa yanapokuwa hayatoshi kweli. Kabla ya kukoroga uji tuulize mawili: je, anakojoa mara sita au zaidi kwa siku? Je, uzito wake unapanda kwenye kadi? Kama ndiyo, maziwa yanatosha. Kama hapana, mama aende kliniki akaangaliwe namna anavyompakata na kumnyonyesha.

Niseme jambo moja kwa akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, maana mji wetu wa mpakani una safari nyingi. Mama anayetumia dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa anyonyeshe maziwa yake pekee miezi sita, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na chakula cha nyongeza angalau hadi mwaka mmoja, huku mtoto akipewa dawa na vipimo kama kliniki itakavyopanga. Kumwachisha ghafla kwa hofu au kwa maneno ya watu kunamhatarisha mtoto.

Miezi sita ikitimia, mambo yanabadilika. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Hapa ndipo tunapowapoteza watoto wetu. Tunampa uji mweupe wa mahindi, mwepesi kiasi kwamba anaunywa kwa kikombe. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Uji wa mtoto unatakiwa uwe mzito: ukiinamisha kijiko, ukae kijikoni, usimwagike kama chai.

Aanze na vijiko viwili vitatu kwa mlo, akizoea aongezewe hadi nusu kikombe. Kati ya miezi sita na nane ale mara mbili au tatu kwa siku. Kati ya tisa na kumi na mmoja ale mara tatu au nne, na katikati apewe kitu kidogo kama kipande cha ndizi mbivu au parachichi. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Mwanzoni chakula kipondwe. Akifika miezi minane hivi apewe vilaini vya kushika mwenyewe. Anapotimiza mwaka ale chakula cha familia, kilichokatwakatwa, kabla hakijatiwa pilipili na chumvi nyingi.

Kuhusu aina, wataalamu wanahesabu makundi nane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; kunde na karanga; maziwa na mtindi; nyama, samaki na dagaa; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kama maboga, papai na mboga za kijani; na matunda na mboga nyingine. Kila siku mtoto apate angalau makundi matano. Hebu tuhesabu kwa kwetu: titi la mama moja, uji wa ulezi mbili, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda tatu, dagaa waliosagwa nne, boga tano. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji fedha za kigeni. Yai tunalolipeleka sokoni Tunduma kununua soda lingemtosha mtoto yule yule tunayemnunulia soda.

Niwaonye kuhusu unga wa lishe. Siku hizi tunachanganya mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga na mbegu zote za dunia katika mfuko mmoja. Vyakula hivi haviivi kwa wakati mmoja, na kimoja kikiwa na ukungu kinaharibu vyote. Chukua nafaka moja, usage. Karanga au maharage viandaliwe kando na kutiwa wakati wa kupika. Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Tuanike juu ya turubai, tuhifadhi pakavu, na karanga zilizosinyaa tusimsagie mtoto kwa kuwa eti haziuziki. Asali naye asipewe kabla ya mwaka mmoja, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya titi.

Akiugua kuharisha, anyonye zaidi, apewe ORS na zinki kutoka zahanati, na asinyimwe chakula. Akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, afidie alichopoteza.

Sasa nije kwetu sisi tuliokaa hapa. Mama wa Tunduma anaamka usiku kuwahi soko au kuvuka Nakonde kufuata biashara. Mama wa Mbozi, msimu wa kahawa, yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa na chupa ya uji. Tukimwambia mama huyu "lisha mara nne" bila kumpunguzia mzigo, tunampigia kelele tu. Anaweza kukamua maziwa yake kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko, yakakaa salama mahali pa baridi kwa muda wa saa nne bila friji. Lakini anahitaji pia baba wa kuchota maji, mama mkwe wa kulisha uji mzito, na pahali pa kukaa anyonyeshe akiwa sokoni. Kwa aliyeajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ninyi wenye maduka, hoteli na ofisi za kutoa mizigo mpakani, mnaijua sheria hiyo?

Jambo la mwisho ni kupima. Jirani zetu wa Iringa, kuanzia miaka ya 1983 na 1984, walikuwa na mpango mkubwa wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na dunia ikaja kujifunza Tanzania. Lakini katika utafiti wa mwaka 2022, Iringa ndiyo iliyoongoza kwa udumavu nchini: watoto 57 katika 100. Hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, kazi hii haimalizwi na mradi mmoja, maana kila mwaka wanazaliwa watoto wapya. Pili, uzito na urefu ni vitu viwili. Mtoto anaweza kuwa na kilo nzuri na bado akawa mfupi. Mizani peke yake haimgundui.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, katika harambee ya mwaka huu napendekeza tuchangie mambo matatu. La kwanza, kibao cha kupimia urefu kwa kila zahanati ya kwetu ambayo haina, pamoja na mizani iliyo sahihi. La pili, kuwawezesha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuifanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu, kwa kupika uji mzito mbele ya akina baba na akina bibi, si akina mama peke yao. La tatu, chumba kimoja kisafi cha kunyonyeshea katika soko la Tunduma, chenye benchi, maji na mlango unaofungwa.

Na kwa ninyi mnaoishi mbali, Dar es Salaam, Dodoma au ng'ambo: mnapopiga simu nyumbani huwa mnauliza, "Mahindi yapo?" Swali zuri, endeleeni nalo. Ila ongezeni mengine mawili: "Mtoto amepimwa urefu lini? Na jana alikula nini?" Mkitaka kutuma fedha baada ya jibu, tumeni ya mayai.