Masomo Yaliyokwisha Tayarishwa: Faida Zake na Tahadhari Zake

(Hotuba iliyotolewa kwa Makatibu wa vyama vya msingi)



Elimu, mafunzo na habari ni msingi wa tano kati ya ile misingi 7 iliyothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995. Kwetu jambo hili si geni. Kituo cha Elimu ya Ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1964 kilipeleka masomo vijijini kwa posta, na wanachama wakayajadili katika vikundi. Siku hizi masomo huja kwa intaneti, lakini swali ni lile lile: somo limeandikwa na nani, na linamfaa nani?

Mifumo ya kusimamia mafunzo kwa mtandao, kama Moodle iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, hupokea masomo yaliyotungwa na wengine. Hapo ipo faida kubwa. Shirika la Kazi Duniani, kwa mfano, lilitoa mwaka 2011 mafunzo yaitwayo My.COOP, yenye sehemu 4: misingi ya ushirika wa kilimo, utoaji wa huduma, ugavi wa pembejeo, na masoko. Hakuna haja ya kila chama kuanza kutunga upya mambo hayo.

Hata hivyo, ziko tahadhari 4.

Kwanza, ni jinsi ya kuliingiza somo. Masomo mengi hufungwa katika kifurushi kimoja cha faili zilizobanwa, kwa utaratibu uitwao SCORM. Kifurushi hicho kisifunguliwe. Kipandishwe kama kilivyo. Ndani yake mna orodha iitwayo imsmanifest.xml, ambayo haina budi kuwa mwanzoni kabisa, si ndani ya jalada jingine. Orodha hiyo isipoonekana, mfumo hukikataa kifurushi. Aidha, Moodle hufuata SCORM toleo la 1.2, basi aulizwe mtoaji wa somo ni toleo gani kabla ya kulipa hata senti moja.

Pili, ni umri wa somo. Masomo yaliyotengenezwa kwa programu ya Flash hayafunguki tena katika vivinjari vya kawaida, kwa kuwa programu hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2020. Na liko somo linalofunguka vizuri lakini maneno yake yamepitwa na wakati. Somo linaloeleza Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2003 litampoteza Katibu wa Tanzania, maana sheria hiyo ilifutwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 2013.

Tatu, ni haki ya mwenye somo. Kulipata somo bure si kuruhusiwa kulibadili. Zipo leseni zinazoruhusu kubadili, na zipo zinazokataza kusambaza kilichobadilishwa. Masharti yasomwe. Pale ambapo hatuwezi kuligusa somo lenyewe, tuweke mbele yake ukurasa wetu wenye mifano ya kwetu: stakabadhi ya mkulima, kilo baada ya kutoa uzito wa gunia, na shilingi badala ya dola.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni alama. Mfumo hutuonyesha kwamba Katibu amemaliza somo na kupata alama 90 kwa 100. Hautuonyeshi kama anaweza kuusawazisha mkono wa mizani, au kuufunga mwezi katika daftari la fedha pasipo upungufu. Katibu asiyejua kazi yake humpunja mkulima hata bila kukusudia, na mkulima aliyepunjwa huuza mazao yake kwa mlanguzi. Hivyo ndivyo chama kinavyokufa.

Kwa hiyo naomba kila chama kifanye hivi: kabla ya somo kufunguliwa kwa wote, mtu mmoja alipitie lote kwa simu ya kawaida, kwa jina la mwanafunzi si la msimamizi, akiangalia kama alama zinaandikwa na ni kiasi gani cha salio la intaneti kimeliwa. Na somo likiisha, watu wakutane chini ya mti, daftari la chama likiwa wazi mbele yao, waulizane.

Nguo ya kuazima haisitiri mwili. Tuipokee, lakini tuishone upya kwa kipimo chetu.