Jicho Likikwaruzwa, Usingoje Kesho

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tutazungumza juu ya ngozi ya jicho na jinsi inavyopona.

Naam, jicho lina ngozi. Mbele ya mboni kuna kioo kinachoitwa konea, na juu ya kioo hicho kuna utando mwembamba sana usio na rangi. Utando huo ni kama mlango. Ukiwa mzima, vijidudu havipiti. Lakini hukwaruzwa kwa urahisi: jani la mahindi, kijiti cha kuni, mchanga, hata ukucha wa mtoto anayenyonya. Konea haina mishipa ya damu, ila ina mishipa mingi mno ya fahamu. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo huuma sana. Mtoto hulia, hufumba jicho, huogopa mwanga na machozi humtiririka.

Utando huu hupona upesi. Chembechembe zilizo kando ya kidonda husogea polepole mpaka zikifunike, kisha mpya huota na kujaza pengo. Mkwaruzo mdogo hufunga kwa siku 1 hadi 3. Hata katika aina moja ya upasuaji wa leza, ule wa watu wanaotaka kuacha miwani, daktari huondoa utando huu kwa makusudi, nao huota tena kwa muda wa siku 3 hadi 5 hivi. Lakini mgonjwa huyo hutiwa dawa ya kuzuia vijidudu tangu saa ya kwanza. Mtoto wako aliyechomwa na jani shambani hana dawa hiyo. Mlango wake uko wazi.

Sikiliza hesabu hii. Kule Bhaktapur, nchini Nepal, watu 442 waliokwaruzwa konea walipewa dawa ya macho ya kupaka, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2001. Kati ya 284 walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda kibaya. Kati ya 49 waliongoja zaidi ya siku nzima, 14 walipata. Ni dawa ile ile. Tofauti ilikuwa muda tu.

Kwa hivyo, mama, fanya hivi. Nawa mikono yako kwa sabuni. Kama ni mchanga au vumbi, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka. Mzuie mtoto asilisugue. Kisha mpeleke kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko watalipima, na pengine watatia rangi maalumu inayoonyesha mkwaruzo ulipo. Ukipewa dawa, imalize kama ulivyoelezwa, hata kama mtoto ameanza kucheza. Kama kitu kimedunga na kukwama jichoni, usikichomoe. Nenda hospitali mara moja.

Sasa yale ya kuepuka. Najua nyanya zetu walitulea kwa upendo, na wengine hutia maziwa ya titi, maji ya majani, sukari au mkojo. Tuwaheshimu nyanya, lakini tusiyatie hayo jichoni, kwa maana yanaweza kuingiza vijidudu kidondani. Usiazime dawa ya macho ya jirani. Baadhi ya matone yana steroidi. Hayo hutuliza wekundu huku kuvu au vijidudu vikiendelea kula konea chini kwa chini. Na matone ya ganzi si ya kutumia nyumbani, kwani huchelewesha kupona.

Ukiona doa jeupe juu ya konea, usaha, maumivu yanayozidi, au mtoto haoni vizuri, usisubiri dawa iishe. Rudi upesi. Kidonda kikipita utando na kuingia ndani, huacha kovu jeupe, na kovu likiwa katikati ya jicho hufunga mwanga. Hilo halifutiki kwa matone.

Mwisho, utando wa jicho unahitaji vitamini A ili uwe imara. Mpe mtoto mboga za majani, papai, maembe, malenge na mayai. Mpeleke kliniki apate vitamini A kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi atimize miaka 5, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kwa maana surua nayo hupofusha.

Mama, kumbuka jambo moja tu la leo: jicho likikwaruzwa asubuhi, jua lisituchwee bila mtoto kuonwa na mhudumu.