NGOME YA KILWA NA BEI YA NGUO
(Mazungumzo mbele ya wanachama, kabla ya msimu wa korosho)



Leo sikuja na hesabu. Nimekuja na habari za jirani zetu wa kaskazini, Kilwa Kisiwani.

Aliyefika huko kaiona Husuni Kubwa. Husuni maana yake ngome. Iko juu ya mwamba, bahari chini yake. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea la pembe nane. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta ndiye anatawala. Lakini ngome ile zaidi ilikuwa jumba la mfalme na mahali pa biashara. Nguvu yake ilikuwa dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu.

Sasa kisiwa chenyewe kilipatikanaje? Wazee husimulia kuwa mwenyeji alikuwa Mrimba. Akaja mgeni, Ali, mtu wa Shirazi, akataka kununua. Mrimba akasema, nipe nguo za kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandikwa, Mrimba akazikusanya, akavuka bara kwa miguu, maana maji yakitoka watu walipita. Huko akajuta. Akakusanya watu arudi kukitwaa. Kufika ufukoni, hakuna njia! Wengine husema mgeni alichimba mkondo, wengine husema alisoma dua bahari ikajaa. Vyovyote iwavyo, maji hayakutoka tena.

Mnaona? Nguo zikachakaa. Kisiwa kikaja kujengwa Husuni.

Ndugu zangu, sisi hatuna kisiwa, tuna korosho. Mwezi wa shida anakuja mtu wa kangomba, anakupa fedha ya leo kwa korosho ambayo bado ni ua mtini. Unapokea, maana watoto wanataka kula. Mnada ukifunguliwa unabaki umesimama kama Mrimba, unatazama magunia yako yakipita kwa jina la mwingine.

Simlaumu mtu, njaa haina adabu. Ninachoomba ni kimoja: mwenye shida aje ofisini mapema, tukae tuone la kufanya, kabla hajapokea nguo.