Ufunguo wa Nyumba ya Wageni Ukae kwa Nani?
(Mazungumzo ya kamati ya nyumba, yaliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya miaka 10)



 Habari za hisa, mikopo na mgao ameshazieleza mtunza hazina, hatutazirudia. Sisi tuna jambo moja tu, nalo ni ile nyumba yetu ya kulaza wageni, na ombi lililoletwa kwamba tutoe ufunguo.

Ombi lenyewe mmelisikia. Yupo mtu anayetaka kutulipa kodi kila mwezi, nyumba iwe na mgeni isiwe na mgeni. Picha za mtandaoni ataweka yeye, wageni atapokea yeye, watu wa usafi ataleta wake. Sisi tukae tupokee. Ni neno tamu, na wenzetu wanaosema tukubali si kwamba hawapendi kikundi, hasha. Wamechoka. Kazi hii inachosha, na asiyewahi kuifanya hudhani ni kutandika kitanda na kusema karibu.

Basi kwanza tuieleze kazi yenyewe, maana wengine hapa hawajawahi kuingia zamu.

Mgeni mmoja anatoka saa nne asubuhi, mwengine anaingia saa nane mchana. Kati ya hapo mashuka yabadilishwe, choo kisafishwe, chandarua kiangaliwe kama kina tundu, mchanga ufagiliwe hadi chini ya uvungu, tanki litazamwe kama lina maji na TUKUZA itazamwe kama ina umeme wa kutosha. Sasa nyinyi ni watu wa Jambiani, bamvua mnaijua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka kabisa kuelekea saa nne, saa tano za asubuhi. Ndiyo saa ya mwani, na ndiyo saa mgeni anapofunga begi lake. Mwenye mwani wake hawezi kuuacha ukazagaa kwa sababu ya shuka la mtu, na mgeni naye hawezi kuambiwa asubiri maji yajae. Ndiyo maana zamu zetu hazifuati Jumatatu na Jumanne, zinafuata mwezi. Siku za bamvua zamu wanashika wale wasiolima mwani na wale vijana waliomaliza skuli, na siku za maji mafu wanashika wakulima. Hilo hakutufundisha mtu. Tumelipanga wenyewe, na mpaka leo hatujaona mtu wa nje anayelipanga vizuri zaidi.

Halafu kuna suala la saa. Mgeni akiandika anakuja saa mbili, kwake ni saa nane yetu. Kwa hiyo kila ujumbe tunaopeleka tunaandika saa kwa hesabu yao, na tunaongeza ni asubuhi au mchana. Jambo dogo, lakini dereva aliyekwenda uwanja wa ndege saa sita kabla ya wakati anataka pesa yake ya kungoja, ati.

Kabla hajapanda ndege mgeni tunamweleza mambo matatu. Kwanza ile bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 1, 2024, kwa dola 44, ili asije akadhani ametapeliwa uwanjani. Pili mavazi: ufukweni avae atakavyo, lakini akipita katikati ya kijiji ajifunike mabega na magoti. Tatu, akija Ramadhani, mchana ale ndani, na chai yake tutampikia bila ya kinyongo. Tangu tuliposhika kawaida hiyo, manung'uniko ya majirani yamekwisha, na Sheha hajaitwa tena. Mapapasi tunawaambia wageni wazi: mwenye kukuuzia safari ya baharini asiyejulikana hapa nyumbani, tuulize kwanza.

Sasa tuje kwenye pesa, maana huko ndiko maneno yaliko.

Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Tuseme chumba ni shilingi 100,000 kwa usiku, na mgeni amekaa siku tatu. Hizo ni 300,000. Booking.com hukata kwa kawaida karibu asilimia 15, zinatoka 45,000, zinabaki 255,000. Tuseme kumhudumia kumekula 95,000: kufua na kupasi, mkate wa ajemi na chapati za asubuhi, matunda, samaki wa jioni, gesi, umeme, maji ya kunywa. Zinabaki 160,000. Hapo tutoe 40,000 za matengenezo, tubaki na 120,000, na bado leseni ya Kamisheni ya Utalii na kodi za serikali zinangoja. Aliyeona 300,000 kwenye simu akaziita faida, huyo hajafika mwisho wa ukurasa.

Lakini jamani, zitazameni tena zile 95,000. Katika daftari tunaziandika gharama. Zimekwenda wapi? Umeme na gesi zimetoka nje ya kijiji, kweli. Kufua kumekwenda kwa mwanachama. Chapati zimepikwa na mwanachama. Samaki kanunuliwa pwani hapa. Mtu wa kati akituletea kodi ya mwezi, hata ikiwa sawasawa na ile 120,000 au ikizidi kidogo, fungu hilo la mikono yetu halitakuwamo. Mashuka yatafuliwa kwengine. Mkate utatoka hotelini. Sisi wa kamati ndipo tunapokwama hapo, na hatutaki kulificha.

Wanaotetea kodi ya mwezi wana hoja moja nzito, nayo ni mwaka 2020. Aprili ya mwaka ule ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa nchini, zikaruhusiwa tena Mei 18, na hata ziliporuhusiwa wageni hawakuja mara moja. Nyumba ilikaa kimya. Angekuwapo mtu wa kutulipa kodi, wanasema, tungekula. Sisi tunauliza: angelipa? Mwenye kutegemea wageni hao hao angetoa wapi? Kilichotusaidia ni kwamba pesa za nyumba zilikuwa na sanduku lake, hazikuchanganywa na hisa, wala hakuna aliyekopeshwa kwa dhamana ya wageni wasiofika. Na hata bila maradhi, kila mwaka masika ya Machi hadi Mei tunajua vyumba vitalala tupu. Tunatumia miezi hiyo kutengeneza.

Kwenye matengenezo tuseme kidogo. Nyumba ile ni ya mawe na chokaa, na ni ya urithi wa mwenzetu. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Ukiupiga ukuta wa zamani saruji, unyevu unafungika ndani, na baada ya muda plasta inabambuka pamoja na jiwe. Fundi wetu tunamsimamia kwa hilo, ingawa saruji ni upesi zaidi. Chumvi ya kusi inakula vitasa na bawaba, makuti yanataka kubadilishwa kabla hayajavuja. Mpangaji wa miaka mitatu, minne, atakuwa na haraka gani ya kuulinda ukuta wa watu? Mkataba tulioonyeshwa unasema mwenye kushika nyumba atafanya "marekebisho anayoona yanafaa". Mwenye nyumba mwenyewe, bibi yetu yule, alipolisikia neno hilo alisema hataki, na nyumba ni yake.

Kwa hiyo kamati inapendekeza ombi hilo tusilikubali. Badala yake mtu mmoja alipwe ujira wa mwezi kushika simu na miadi ya wageni, kwani hapo ndipo uchovu ulipo hasa: simu inalia saa nane za usiku na mjibu ni mama mwenye mtoto mchanga. Ujira huo utoke kwenye sanduku la nyumba. Pia tununue tanki la pili kabla ya msimu wa Juni. Mgao wa wanachama kutoka nyumba utapungua mwaka huu, hilo tunalisema mapema ili asitokee wa kushtuka.

Kura itapigwa kikao kijacho. Daftari la nyumba liko kwa mtunza hazina, na mkataba ule upo pamoja nalo, umeshafasiriwa. Anayetaka kuvisoma kabla ya kura aende nyumbani kwake alasiri. Asubuhi za wiki hii asijisumbue, maji ni bamvua, hatamkuta.